Elimu Inayojibiwa: Boriti, Barua za Mambo Leo na Baraza za Dubai



Sisi tuliosomea nchi za watu tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutaja. Tunaandika vitu visivyojibika. Makala inakaa miaka miwili mikononi mwa wahakiki wawili ambao hata majina yao hatuyajui, kisha inatoka katika jarida ambalo nakala yake moja inauzwa kwa bei ya gunia la mchele. Yule mzee tuliyemhoji, ambaye bila yeye tusingekuwa na la kuandika, hajui kama makala imetoka. Akijua, imeandikwa kwa Kiingereza. Na hata kama Kiingereza anakijua, hana mahala pa kuandika: "Hapa umenisikia vibaya, mwanangu."

Nataka kueleza kwa nini elimu inayompa msomaji nafasi ya kujibu, mbele ya wasomaji wengine, ina mvuto wake wa pekee na pia ina faida ambayo kitabu peke yake hakiwezi kuitoa. Nataka pia kukumbusha kwamba jambo hili si la kuletewa na mitambo ya juzi. Waswahili tulikuwa nalo zamani, tena kwa utaratibu mzuri. Lakini nianze na mti, kwa sababu naishi Dubai na mti huu uko juu ya kichwa changu kila nikienda kutembeza wageni.

Waliowahi kupita hapa wanaijua mitaa ya Al Fahidi, ile iliyokuwa ikiitwa Bastakiya, na Shindagha iliyo mdomoni mwa khori, ilipo nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa mwaka 1896. Ukiingia katika nyumba za zamani ukatazama juu, utaona dari ya miti iliyopangwa sambamba, mmoja ubavuni mwa mwenzake. Miti ile ni yetu. Ilikatwa katika mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini, ikaja huku na pepo za kusi. Waarabu wa Ghuba wanaiita chandal. Vyumba vingi vya zamani katika miji ya Ghuba upana wake hauzidi sana mita tatu na kitu, na sababu ni urefu wa mti wenyewe: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari yake. Yaani mkata miti wa Lamu alikuwa akimpimia chumba mtu wa Dubai bila ya kumwona. Saruji na chuma vilipoingia biashara ikadhoofika, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje.

Sasa fungua kamusi. Utaambiwa kwamba boriti ni mti wa kujengea, wa kubebea dari au paa, basi, hadithi imekwisha. Si uongo. Nilimsomea maana hiyo mzee mmoja wa Lamu ambaye ujana wake ulikwishia majahazini na ambaye sasa ni mkaazi wa Deira, umri umeshapita miaka themanini. Alicheka.

"Ami, si sawa?" nikamuuliza.

"Sawa kwa asiyenunua," akajibu.

Akaanza kueleza. Miti ya mikoko inaitwa kwa unene wake. Mwembamba kabisa ni fito, ukizidi ni pau, halafu mazio, halafu boriti yenyewe, halafu nguzo. Kila daraja ina kazi yake na bei yake. Na haihesabiwi mmoja mmoja, inahesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Mtu aliyemwambia nakhodha kwamba anataka korija tano za boriti akaletewa pau, hapo pana kesi. Kwa hiyo mtu wa kamusi akisema boriti ni "mti wa kujengea" amefanya kama mtu aliyesema shilingi ni pesa.

Mzee mwengine aliyekuwa pale barazani, wa upande wa Rufiji, alizikubali daraja lakini akabisha juu ya miti yenyewe. Yule wa Lamu alikuwa akitaja muia, na huyu jina hilo halikumkaa, yeye mti wao alizoea kuuita msinzi. Wakashikana hapo kwa muda, kila mmoja akidai mwenzake anataja mti mwengine. Wa tatu ndiye aliyewaamua, kwa kuuliza mizizi. Mkoko mizizi yake inateremka kutoka shinani kama miguu iliyotanuliwa. Huo mnaobishania, aliuliza, mizizi yake haitokezi matopeni ikapinda kama magoti? Wote wawili wakasema ndiyo. Basi ni mti mmoja, majina mawili. (Mtaalamu wa mimea angeandika Bruguiera gymnorrhiza, na angekuwa sahihi, lakini asingejua kwamba jina la Kiswahili linabadilika ukivuka kutoka mwambao mmoja kwenda mwengine.)

Katika muda wa nusu saa nilikuwa na daraja tano za miti, kipimo cha biashara, majina mawili ya pwani mbili, na namna ya kuutambua mti kwa mizizi. Hebu angalieni jambo hili kwa makini: hakuna hata mmoja kati ya wazee wale aliyeombwa "nieleze habari za mikoko". Ningeuliza hivyo ningepata jibu la heshima, fupi, lile ambalo mzee anadhani maalim anataka kulisikia. Kilichowafungua vinywa ni kusomewa kitu kilichoandikwa, chenye upungufu, tena kimeandikwa kwa kujiamini. Hapo mwenye kujua hawezi kunyamaza. Na yule wa pili aliyafungua aliyokuwa nayo kwa sababu wa kwanza alikwisha sema, na wa tatu kwa sababu wale wawili walibishana. Katika mazungumzo ya namna hii jibu ndilo linaloleta elimu, zaidi kuliko swali, na majibu huzaana.

Huo ndio mvuto ninaousema. Anayeandika huweka neno mezani akijua halijakamilika, na anayesoma anaona kwamba nafasi yake ipo.

Washairi wetu walilijua hili kabla ya kufika mashine ya kupiga chapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, sehemu kubwa ya mashairi yake ya siasa ni majibu. Watu wa Lamu wamesema, yeye anawajibu, naye anatega ili ajibiwe. Mashairi yale yalihifadhiwa kwa kumbukumbu na Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia W. E. Taylor kuyaandika na kuyafafanua, na kitabu kikatoka Johannesburg mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens. Leo tukisoma diwani ile aghlabu tunasikia upande mmoja wa mazungumzo, upande wa Mvita, ni kama kumsikia mtu akizungumza na simu. Mwanafunzi anadhani Muyaka ni mgumu. Ugumu mwingi unatokana na kwamba hatuna mbele yetu lile shairi alilokuwa akilijibu.

Pemba walibahatika zaidi. Kamange na Sarahani, washairi wawili wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ishirini, walijibizana kwa miaka, na kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilichotoka mwaka 2011, mhariri wake Abdilatif Abdalla, kimewaweka pamoja. Ukiwasoma ubavu kwa ubavu unaelewa kwa nini neno fulani lilichaguliwa, kwa sababu mwenzake alilitumia vibaya au alilitumia kumchokoza.

Kisha yakaja magazeti. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888 kwa mkono wa wamisionari wa Kiungani, na baadaye yakaja mengine huko Bara. Lakini lililofanya kazi ninayoizungumzia kwa upana kuliko yote ni Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, likatoka kila mwezi. Serikali ilitaka kuwaelimisha watu juu ya kilimo, afya na adabu ya utawala, na kurasa za namna hiyo zilikuwamo. Watu nao wakaligeuza kuwa baraza. Walileta barua na mashairi kutoka kila mji wenye posta: huyu anauliza maana ya neno, yule anajibu, wa tatu anasema kwao neno hilo ni tusi. Mshairi akitoa fumbo kwa bahari fulani na vina fulani, mwenye kujibu hufuata bahari ile ile na vina vile vile, ili msomaji ajue bila ya kuambiwa nani anamjibu nani. Shaaban Robert naye alipitia katika kurasa zile akiwa karani mdogo wa serikali.

Tazameni ule utaratibu ulivyokuwa na akili. Kufuata vina kulikuwa ndiyo kiungo kinacholifunga jibu na lililojibiwa, hata kama katikati imepita miezi mitatu. Jina na mji chini ya barua vilimwambia msomaji ni Kiswahili cha wapi anachokisoma. Na mtu aliyekosea alikosea mbele ya nchi nzima, akisahihishwa anasahihishwa mbele ya nchi nzima, na vyote viwili vinabaki vimechapwa. Simsifu mhariri wa kikoloni, alikuwa na mkasi wake, na yasiyompendeza mkubwa wake hayakutoka. Hata hivyo kurasa zile ni hazina, kwa sababu ndani yake watu wa kawaida wanaonekana wakifikiri, na wakipingana, kwa Kiswahili.

Upande wa dini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Rashid Rida alipokuwa akitoa al-Manar huko Cairo, kuanzia 1898 mpaka 1935, sehemu iliyolipeleka jarida lile mbali ni ile ya maswali ya wasomaji na majibu yake. Maswali yalitoka mpaka Java. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa msomaji wake, na mwaka 1930 akaanzisha karatasi yake mwenyewe, Sahifa, kisha Al-Islah mwaka 1932. Aliandika Kiswahili ili mtu wa sokoni asome na aseme yake, na maneno yakasemwa kweli, mengine makali. Alikubali kukaa mahali pa kujibiwa, naye alikuwa mwanachuoni ambaye angeweza kabisa kujifungia na vitabu vya Kiarabu.

Sasa linganisheni na njia ya pili, njia ya kamati. Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusanifisha Kiswahili. Mwanzoni meza ile haikuwa na Mwafrika hata mmoja. Kamusi yake ikatoka mwaka 1939, ikibeba jina la Frederick Johnson aliyekuwa amekwisha fariki, na ni kazi kubwa, mimi ninayo mezani na imeshachanika jalada. Lakini ni kitabu kilichosema na wenye lugha bila ya kutega sikio. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waingereza nyumbani kwao walikuwa wakifanya kinyume chake. Kamusi yao kubwa ya Oxford ilisimama juu ya wasomaji wa kawaida: James Murray alitoa tangazo mwaka 1879 akiomba watu wasome vitabu na kumpelekea vikaratasi, kila kikaratasi neno moja na sentensi lililomo, na vikaja kwa mamilioni. Mmoja wa waliopeleka vingi vya thamani alikuwa daktari wa jeshi wa Kimarekani, W. C. Minor, aliyekuwa amefungwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Kwa lugha yao waliamini hata mfungwa mgonjwa anaweza kuwa na neno la kufundisha. Kwetu hata maalim wa Mvita hakualikwa.

Njia ya Murray ilikuja kuonekana kwetu mwaka 1994, pale Martin Benjamin alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Yale ile Kamusi Hai ya Kiswahili ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote aliweza kupendekeza neno au kusahihisha maana, na mhariri akapitia. Baadhi yetu tuliokuwa wanafunzi ughaibuni tuliisikia habari yake kwa dharau. Kamusi ya kuandikwa na kila mpita njia! Baada ya muda nikaona waliopeleka maneno walikuwa wauguzi, madereva, walimu wa msingi, yaani wale wale ambao Mambo Leo liliwapa ukurasa.

Isidhaniwe kwamba ninasema kila majibizano ni elimu. Hapana. Sote tumo katika makundi ya WhatsApp ya jamaa na ya watu wa kwetu, na tunajua yanavyokwenda. Mzee wa Muscat anatuma sauti ya dakika saba akieleza jinsi ngalawa inavyochongwa, maneno ambayo huyapati popote, na chini yake mara moja zinashuka dua arubaini, picha ya waridi, na tangazo la udi. Kesho yake sauti ile imezikwa. Akija mtu mwezi ujao kuuliza jambo lile lile, hakuna anayekumbuka kuwa limejibiwa. Baraza la kuketi pia lina dosari hiyo hiyo, linajibu vizuri lakini halina kumbukumbu. Kitabu kina kumbukumbu, hakisikii. Kurasa zile za 1923 zilikuwa na yote mawili, na nadhani ndiyo sababu tunarudi kwao.

Vile vile malumbano huweza kugeuka matusi. Ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 na kina Mulokozi na Kahigi kuutetea ushairi usiofungwa na vina, ulikuwa na matusi yake. Lakini mimi naona ulitufundisha zaidi kuliko miaka ishirini ya mihadhara. Washika vina walilazimika kueleza kwa nini kina ni kina, jambo ambalo mpaka hapo walilichukua kama jua kuchomoza. Na waliotaka uhuru walilazimika kuonyesha kwamba wanazijua kanuni wanazoziacha. Hakuna upande ambao ungeandika yale peke yake chumbani.

Kinacholiokoa jibizano, kwa ninavyoona, ni mambo machache ya kawaida sana. Jina na mahala, kwanza. Mtu asiyetaja anatoka wapi akisema "hatusemi hivyo", hao "hatusemi" ni akina nani? Makunduchi? Siu? Lubumbashi? Halafu jibu likae karibu na lililojibiwa, lisiwekwe mwisho wa kitabu kama tanbihi ya aibu. Na awepo mtu wa kuchuja matusi bila ya kuchuja upinzani, kazi ambayo ni ngumu na hailipwi. La jina lina tahadhari yake: wapo wazee, khasa waliotoka Zanzibar baada ya 1964, ambao hawataki majina yao yaandikwe popote, na haki yao ni hiyo. Tunaandika mji na umri, basi.

Nalisema hili kwa haraka kidogo kwa sababu ya hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka 1964 leo ana kama miaka themanini. Wale waliopakia boriti Rufiji katika miaka aliyosafiri Alan Villiers na jahazi la Kuwait, 1939, wamekwisha wote. Villiers aliandika kitabu kizuri sana juu ya safari ile, na hakuna baharia hata mmoja aliyepata nafasi ya kumwandikia pembeni kwamba hapa, bwana, kamba hiyo haiitwi hivyo. Waliobaki sasa ni watoto wao na wajukuu wa kazi ile, wanaokumbuka kwa kuona. Kila msiba tunaokwenda kuhani hapa Dubai, Sharjah au Muscat, huondoka na kurasa ambazo hakuna aliyezisoma.

Tunachofanya sisi wachache hapa ni jambo dogo. Tunachukua maana kama zilivyo katika kamusi, tunazichapa kwa herufi kubwa upande wa kulia wa karatasi, na upande wa kushoto tunauacha mtupu. Karatasi zinazungushwa barazani Deira baada ya laasiri, nyengine zinakwenda Muscat na Mombasa kwa mkono wa wasafiri. Zinarudi zimeandikwa. Wengine wanaandika kwa khati za Kiarabu, wengine wanamwambia mjukuu aandike, na mjukuu mara nyengine anaongeza lake. Ukurasa wa boriti umerudi na miandiko sita. Juu ya unene wa mazio wawili hawajakubaliana, mmoja wa Lamu na mmoja wa Tanga, na tumeyaweka maneno ya wote wawili na miji yao. Ukurasa unaofuata ni wa tanga na kamba zake: foromali, henza, demani, hamarawi, joshi. Umeshachapwa, na maana za kamusi tumeziacha vile vile, pamoja na kasoro zake.